Jicho la Fundi Dakika

Mtaa mzima ulimwita Fundi Dakika, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Kila aliyemletea saa aliambiwa, "Niachie, nipe dakika," na hiyo dakika ikazaa wiki. Watu walinung'unika, wakamtania, na bado wakarudi, maana saa ikishatoka mikononi mwake haikumrudia kwa ubovu uleule. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo mtu mrefu huinamisha kichwa bila kuambiwa. Juu yake kulikuwa na taa ya shingo ndefu, vibano, bisibisi nyembamba, na vibakuli alivyovifudikiza juu ya vyuma vidogo ili chafya ya mteja isije ikamtia hasara.

Mtaji wake hasa ulikuwa jicho la kulia. Hapo ndipo alipopachika lenzi, kidude cheusi kilichoshikiliwa na waya uliozunguka kichwa, na kwa jicho hilo aliona meno ya gurudumu ambalo wewe na mimi tungelifagia tukidhani ni mchanga. Jicho la kushoto lilikuwa la kutazamia wateja tu. Alipenda kusema kwamba la kulia ndilo linalolisha nyumba, la kushoto linakula bure.

Kwa hiyo siku mkewe alipomletea chakula cha mchana akamkuta kaipachika lenzi jicho la kushoto, na kofia ya sufu kaivuta mpaka kwenye nyusi jua likiwa linachoma, alijua kuna jambo. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Mtu anayelisha watoto wadogo kila siku hujifunza kusoma nyuso kabla midomo haijafunguka.

Akamuuliza kulikoni. Mumewe akasema waya umemchubua. Aliinua kofia kidogo tu, akaonyesha wekundu juu ya nyusi na vipele vichache vilivyopanda kuelekea kwenye nywele, kisha akaeleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini saa yake imekufa: waya ni chuma, jasho lina chumvi, vidole vina petroli ya kusafishia vyuma, na hivyo vitatu vikikutana kwenye ngozi ya mtu, ngozi haina pa kukimbilia. Maelezo yalikuwa safi. Na waya kweli ulipita palepale penye vipele, sasa nani angebisha?

Jioni ile mkewe alichana pindo la gauni lake la zamani, akaushonea ule waya ala ya kitambaa laini, mshono mdogo mdogo, asije akaumia tena. Mumewe alishukuru, akauvaa, akasifu. Kosa lao la kwanza lilikuwa hilo, na lilishonwa vizuri sana.

*

Mama mkwe aliishi nao tangu miguu ilipoanza kumgomea. Mdomo haukuwa umegoma hata kidogo. Alipoona uso wa mwanawe umeanza kuvimba, alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, na hukumu ikatoka papo hapo: mdudu amemkojolea usingizini. Dawa yake ni dawa ya meno, ile nyeupe, si ile ya rangi. Akampaka mwenyewe. Fundi alienda kazini kipaji cheupe, na jengo zima likapata la kuzungumza.

Mkewe alisita, akasema polepole kwamba vipele vile vinamkumbusha kitu. Mama mkwe alijua anachotaka kusema, akamkata kauli.

"Mkanda wa jeshi? Mkanda hukaa kiunoni, mwanangu, ndiyo maana ukaitwa mkanda. Umewahi kuona mtu amevaa mkanda kichwani? Na isitoshe yeye alishaugua. Hauji mara mbili."

Fundi aliitikia haraka kuliko ilivyostahili. Alisema mama amesema kweli, akachukua kofia yake, akatoka.

Siku mbili zikapita hivyo. Mkewe alipompelekea chakula tena, alimkuta mteja mmoja mwenye suti amesimama mbele ya meza, amekuja kuchukua saa aliyoachiwa na marehemu baba yake. Fundi alimpa. Yule bwana aliutazama uso ule, malengelenge yaliyojaa maji, jicho lililoanza kufumba, kisha akatoa leso, akaipokea saa kwa leso, akaipangusa mbele na nyuma mbele ya macho ya mwenyewe aliyeitengeneza. Aliuliza kwa adabu sana kama hicho kitu kinaambukiza. Fundi akasema ni waya tu, mheshimiwa. Bwana akaweka pesa ukingoni mwa meza ili vidole vyao visikutane.

Mkewe aliona yote akiwa amesimama kando na bakuli lake. Kilichomuuma zaidi si leso. Ni kwamba naye, alipokuwa akiweka bakuli mezani, aligundua kuwa ameliweka ukingoni vilevile. Alilisogeza katikati upesi, akamwomba mumewe avue kofia yote.

Alivua. Vipele vilikuwa vimeshuka kutoka kwenye nywele hadi kwenye kope, vyote upande wa kulia. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa safi kabisa, kama mtu aliyepiga mstari katikati ya kipaji. Waya ulizunguka kichwa chote. Ungekuwa ni waya, ungechubua kote.

*

Kesho yake Fundi hakwenda kazini. Duka la dawa lililokuwa njiani lilijaa watu. Mkewe alisubiri wapungue, hawakupungua. Akamwinamia muuzaji, akamnong'oneza. Muuzaji, kijana mwenye koti jeupe na sauti ya mnadani, akamjibu kwa namna ambayo hata waliokuwa barabarani walipata faida.

"Mkanda wa jeshi usoni? Mzee wako huyo amepima?"

Watu hawakugeuka. Walifanya lile jambo baya zaidi, walinyamaza ili wasikie vizuri. Mkewe alihisi masikio yanawaka. Alitaka kusema anaulizia kwa niaba ya jirani, na neno jirani lilikuwa limeshafika ulimini, akalirudisha. Akasema ndiyo, ni mume wangu.

Huenda yule kijana aliona haya, kwani alishusha sauti. Aliuliza kama vipele vimefika puani. Mkewe akasema asubuhi aliona kimoja, penye ncha. Kijana akaacha kupanga maboksi. Alisema hamuuzii kitu, hata panadoli, ampeleke hospitali ya macho leo, si kesho, kwa sababu mshipa unaokwenda kwenye ncha ya pua ndio huohuo unaokwenda ndani ya jicho.

Alirudi nyumbani akitembea mbio, na mbio zile zilimrudisha mbali kuliko alikotaka kufika. Miaka michache nyuma mumewe alishikwa mkanda mbavuni. Wakati ule hakuficha kitu. Alivua shati siku ya kwanza, akamwonyesha. Mtaa ukasema mawili. La kwanza, kwamba ncha zake zikizunguka zikakutana mtu hufa. La pili, kwamba hakuna auguaye mkanda ila mwenye Ukimwi. Mkewe hakuuliza mtu yeyote mwenye akili. Alifunga mzigo, akachukua watoto, akaenda kwa dada yake, akamwachia mume ujumbe kwamba atarudi akishapima. Baada ya siku nyingi ukaja ujumbe wa maneno machache: amepima, hana. Akarudi, akawasha jiko, akapika. Hawakulizungumza siku hiyo wala kesho yake, na likishapita kesho jambo la namna hiyo huwa halina pa kuanzia.

Sasa alilizungumza peke yake njiani, midomo ikicheza, na watu wakampisha.

*

Alimkuta mumewe amekaa kitandani, dirisha limefunikwa kwa shuka kwa sababu mwanga ulimchoma. Watoto walikuwa shule. Mama mkwe alikuwa uani akianua nguo, yaani alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza.

"Ni mkanda," mkewe alisema. "Inuka twende hospitali ya macho."

"Mama ameshasema, mkanda hauji mara..."

"Mama si daktari. Inuka."

"Nina saa za watu mezani."

"Utazitengeneza kwa nini? Kwa pua?"

Fundi alitaka kucheka, uso ukamkataa. Alishika kona ya shuka, akaikunja na kuikunjua. Kisha akasema, sauti ya chini, bila kumtazama, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua kabla hata ya kipele cha kwanza. Yale maumivu mtu hayasahau. Kichwa kilianza kuniwaka upande mmoja, nywele zikawa haziguswi na kitana, nikajua umerudi. Waya nilitafuta wa kumsingizia tu, nao hauna mdomo."

Mkewe alikumbuka ile ala, mshono mdogo mdogo. Alikaa chini, si kitandani, sakafuni. Aliuliza kwa nini, ingawa jibu alikuwa nalo, lilikuwa limekaa naye humo chumbani miaka yote.

"Kwa sababu mara ile nilikwambia," mumewe alisema. "Nilivua shati nikakwambia. Nikabaki na kuta. Vile vya mgongoni nilikuwa nikivipaka dawa kwa mwiko, nimeufunga pamba, natazama kwenye kioo. Nikasema safari hii vitapona kimyakimya, nawe utakuwepo."

Mkewe alikuwa na utetezi. Aliutunza muda mrefu na kuusugua ukang'aa: watoto walikuwa wadogo, hakujua, kila mtu alisema vile, dada yake ndiye aliyemshauri. Alifungua mdomo autoe wote, akakuta hakuna hata neno moja ambalo halikumtia aibu. Kulia alitaka, lakini aliona kulia kungekuwa kumpa mumewe kazi ya kumbembeleza. Akainuka, akachukua viatu vya mumewe vya kutokea, akapiga magoti akamvisha, kwanza cha kushoto kisha cha kulia, akafunga kamba. Mlango ukafunguka. Mama mkwe alisimama pale ameshika shati safi lililoanuliwa sasa hivi.

"Mvalishe hili," alisema. "Asiende kwa watu na hilo lenye dawa ya meno." Hakusema kitu kingine, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa sawa na kuomba radhi kwa mdomo wote.

*

Benchi la hospitali lilikuwa refu na watu walibanana, isipokuwa kando ya Fundi, ambako palibaki nafasi ya kutosha mtu mnene. Mama mmoja alimpakata mwanawe akamgeuza uso. Fundi aliona, maana jicho la kula bure sasa lilikuwa kazini.

"Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo," alimwambia mkewe. "Hawakuwa mafundi saa."

Mkewe alisogea akaziba ile nafasi. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka wakaitwa.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, mwenye mikono isiyo na haraka. Alidondosha dawa ya rangi ndani ya jicho, akazima taa ya chumba, akamulika kwa mwanga wa buluu, akatazama muda mrefu kwa kifaa ambacho Fundi, hata katika maumivu yake, alikiulizia lenzi zake zina nguvu gani. Kisha daktari akawasha taa na kuuliza vipele vilianza lini. Fundi akamwambia, akataja na ule mkanda wa mbavuni wa zamani. Daktari hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe.

Alisema kioo cha mbele cha jicho kimepata vidonda. Atampa vidonge vya kupambana na kirusi na dawa za matone, na vitasaidia, ila dawa hizi hupenda kuanzwa mapema, ndani ya siku tatu za mwanzo, na siku hizo zimeshapita. Jicho linaweza kupona likabakiwa na kovu. Kovu likikaa katikati, ataona mwanga, ataona watu, ataona mlango.

"Na gurudumu la saa?" Fundi aliuliza.

"Siwezi kukuahidi," daktari alisema.

Mkewe aliuliza lile lililomkaba. Shuleni kwake watoto walikuwa wamepitiwa na tetekuwanga mwezi uliopita; je, ni yeye aliyeuleta nyumbani kwenye nguo zake? Daktari akamwuliza Fundi kama aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Aliwahi, mama yake husimulia mpaka leo jinsi alivyomfunga mikono asijikune.

"Basi ni kilekile," daktari alisema. "Hakikuondoka. Tetekuwanga ikipona, kirusi chake huingia kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kikalala huko miaka na miaka. Siku kinga ya mwili ikilegea, huamka na kufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana hukaa upande mmoja. Safari ile kilifuata mshipa wa mbavu, safari hii wa uso. Hakuna aliyekuletea, mzee. Ulikuwa nacho mwenyewe."

Aliendelea kwa sauti ileile ya kuchoka. Kinacholegeza kinga ni vingi: umri, kisukari, Ukimwi ndiyo, lakini si huo peke yake, dawa za magonjwa mengine, uchovu, mawazo. Mara nyingine hakionekani kabisa. Wataipima damu yake, kwani kila mgonjwa wa namna hii hupimwa, si kwa kumshuku. Majimaji ya vipele yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, basi asiwaguse watoto wachanga na wajawazito mpaka vikauke. Na habari ya ncha mbili kukutana mtu akafa, hiyo wawaachie wanaoipenda.

"Unaweza kurudi tena?" mkewe aliuliza.

"Wengi hauwarudii. Wengine huwarudia, kama yeye. Ukirudi, maumivu hutangulia vipele. Akisikia yale maumivu, aje siku hiyohiyo." Daktari alivuta kichupa cha matone, akakitikisa. "Haya yanatiwa mara nyingi, mchana na usiku, na hawezi kujitia vizuri mwenyewe. Mara ya kwanza nani alimuuguza?"

Swali lilikuwa la kawaida, la mtu anayetaka kujua aanzie wapi kueleza. Chumba kikawa kidogo.

"Huyuhuyu mke wangu," Fundi alisema. "Hakuniacha hata siku moja."

Alilisema wepesi, jicho zima likitazama ukutani, na daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema vizuri, mama ana uzoefu. Mkewe alihisi kama amepigwa. Mumewe angemsema mbele ya daktari, yeye angevumilia, angestahili. Lakini mtu uliyemtupa akikusitiri mbele ya watu, utaficha wapi uso? Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Hapana, daktari," alisema. "Sikuwepo. Nilimkimbia. Alijiuguza mwenyewe, mimi sijui chochote. Nifundishe tangu mwanzo."

Daktari alimtazama, akamtazama Fundi. Alivuta kiti karibu. Alimwonyesha namna ya kunawa, namna ya kuvuta kope ya chini bila kugusa malengelenge, namna ya kudondosha tone bila ncha ya kichupa kugusa jicho. Tone la kwanza lilimwangukia Fundi shavuni, na la pili pia. La tatu likaingia.

Walipotoka, korido ilikuwa imejaa watu wa mchana, machela zikipita, wauguzi wakiita majina. Mkewe alimsimamisha karibu na ukuta.

"Daktari amesema unaweza kurudi," alisema. "Ukirudi, utaniambia?"

Jicho la kulia lilikuwa limefumba kwa uvimbe, ikabidi ageuze kichwa chote ili amwone.

"Utakuwepo?"

"Ndiyo" ilikuwa mdomoni mwa mkewe, tayari kutoka. Lakini aliijua ilivyo rahisi; aliwahi kuitoa siku ya harusi mbele ya kadamnasi na bado mzigo akaufunga. Akaimeza. Akasema hajui amjibu nini ambacho ataamini.

"Basi usinijibu leo," mumewe alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba. "Utanijibu siku hiyo."

Wakaanza kwenda. Mkewe alitembea upande wa jicho lililofumba, ili watu wasimgonge mumewe, na upande ule mumewe hakuweza kumwona. Walipofika penye msongamano wa mlangoni, watu wakisukumana kuingia na kutoka, Fundi alisita. Alinyoosha mkono upande huo, akapapasa hewani.

Alikuwepo.